Mafunzo ya Vitendo ya Kufunga Madishi ya Setilaiti: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara na Waandaaji

Ukurasa huu ni wa yeyote anayeandaa kozi ya kufunga madishi, kiwe ni chuo, kikundi cha mafundi au fundi mzoefu anayetaka kurithisha kazi yake. Maswali tumeyapanga kuanzia ya msingi hadi yale yanayojitokeza mara chache. Jibu linapotegemea jingine, tumetaja namba ya swali.

## Mambo ya msingi

1. Mafunzo "ya vitendo" yanamaanisha nini hasa?

Kila mwanafunzi aanze na dishi lililofunguliwa vipande, alifunge mwenyewe, aitafute setilaiti mwenyewe, aone picha kwenye TV, kisha alifungue tena ili mwenzake aanze upya. Kusimama pembeni na kumtazama mkufunzi hakuhesabiwi, hata kama mkufunzi anaeleza vizuri.

Kipimo tunachokishikilia ni hiki: kila mtu amepata signali mara ngapi kwa mikono yake bila kusaidiwa? Mara ya kwanza huenda ni bahati. Mara ya pili amekumbuka alichofanya. Kuanzia ya tatu ndipo anapoanza kuelewa. Panga kozi ili kila mmoja afikishe angalau mara tano, kwenye setilaiti mbili tofauti au zaidi. Mengine yote, yaani idadi ya watu, siku, vifaa na eneo, yafuate hesabu hiyo. Waandaaji wengi huanza na ukubwa wa ukumbi na idadi ya viti, na matokeo yake ni darasa linalojua majina ya vifaa lakini haliwezi kuvifunga.

2. Kozi ichukue siku ngapi?

Kwa mtu asiyejua chochote, siku tano kamili zinatosha kumpa msingi wa kuaminika. Siku ya kwanza ni ya usalama, vifaa, kebo na konekta. Ya pili ni kusimamisha nguzo na kutafuta setilaiti moja. Ya tatu ni kurudia, setilaiti baada ya setilaiti, hadi mikono izoee. Ya nne ni swichi, LNB (kipokezi kinachokaa mbele ya dishi) zaidi ya moja na kutafuta hitilafu. Ya tano ni kupanda, kufunga ukutani na mtihani.

Mafundi umeme au watu waliowahi kusaidia fundi dishi wanaweza kumaliza kwa siku tatu. Usikubali kubana yote ndani ya siku moja. Siku moja inatosha kwa maonyesho, na ukiifanya, itangaze kama maonyesho.

3. Je, mwanafunzi lazima awe amesomea umeme?

Hapana. Anachohitaji ni kusoma namba, kutumia spana na bisibisi, na subira. Hesabu za pembe siku hizi hufanywa na programu ya simu, ingawa ni vizuri aelewe zinatoka wapi (tazama swali la 10).

Walio chini ya miaka 18 wapokewe kwa ridhaa ya mzazi au mlezi, na wafanyie mazoezi yote chini, bila kupanda ngazi wala paa.

4. Kundi liwe na watu wangapi?

Watu watatu kwa kila dishi: mmoja anashika dishi, wa pili anasoma mita au TV, wa tatu anaandika namba na kukagua. Kisha wanabadilishana. Wakifika wanne, mmoja atakuwa kwenye simu yake. Wakifika watano, wawili watamaliza kozi bila kugusa nati.

Mkufunzi mmoja anaweza kusimamia vizuri madishi mawili, yaani watu sita. Kwa hiyo watu kumi na wawili wanahitaji madishi manne na wakufunzi wawili. Vifaa vikiwa vichache, gawa kundi liwe la asubuhi na la mchana badala ya kujaza watu.

5. Nani anafaa kufundisha?

Fundi aliyefanya kazi hii nyumbani kwa wateja kwa muda mrefu, na anayeweza kuiacha mikono yake mfukoni. Sharti hilo la pili ni gumu kuliko la kwanza. Fundi mzoefu akimwona mwanafunzi anahangaika, hulisogeza dishi kidogo, signali inapanda, na mwanafunzi anakuwa amenyang'anywa somo. Kubalianeni kabla ya kozi kwamba mkufunzi haligusi dishi la mwanafunzi isipokuwa pana hatari. Aulize maswali: "Nguzo umeipima pande mbili? Umesubiri sekunde tatu? Setilaiti iko upande gani wa ule mti?"

## Eneo na vifaa

6. Eneo la mazoezi liwe la namna gani?

Uwanja ulio wazi kuelekea upande wa setilaiti mtakazotumia. Setilaiti za matangazo ziko juu ya Ikweta, kilomita 35,786 kutoka ardhini, kwa hiyo aliye kaskazini mwa Ikweta huelekeza dishi upande wa kusini na aliye kusini huelekeza upande wa kaskazini, akiegemea mashariki au magharibi kulingana na setilaiti. Angalia miti, majengo na mabango. Tawi moja lenye majani mabichi linatosha kuzuia mawimbi, hasa likiwa limelowa.

Nenda eneo hilo siku kadhaa kabla, ukiwa na dishi moja, uhakikishe kwamba kila setilaiti iliyomo kwenye ratiba inapatikana pale pale yatakaposimama madishi ya mazoezi. Kutoka nguzo moja hadi nyingine mita kumi zinaweza kubadilisha kila kitu ikiwa kuna jengo refu karibu.

Weka mbali na nyaya za umeme. Nguzo ya bomba na ngazi ya chuma ni njia nzuri sana ya umeme, na umbali wa kuacha uwe ule unaotajwa na shirika la umeme la mahali ulipo.

7. Madishi ya mazoezi yafungwe juu ya paa kama kazini?

Hapana, si mwanzoni. Tengeneza nguzo fupi za bomba la chuma, urefu wa mita moja na kidogo, zilizosimamishwa kwenye zege ndani ya tairi chakavu. Zinabebeka, haziyumbi, na kila mtu anafanya kazi akiwa amesimama ardhini. Akili yote inakwenda kwenye dishi badala ya kwenye woga wa kuanguka, na mkufunzi anaona mikono ya kila mtu.

Bomba lisimame wima kweli. Nguzo iliyoinama kwa makusudi iwepo moja tu, kwa ajili ya somo lililoelezwa kwenye swali la 11.

8. Orodha ya vifaa ikoje?

Kwa kila kikundi cha watu watatu: dishi la Ku (masafa yanayotumiwa na madishi madogo) la sentimita 80 hadi 90, LNB ya kawaida ya Ku, kisimbuzi cha chaneli za bure, TV ndogo, mita ya signali, dira, pimamaji, spana namba 10 na 13, bisibisi, kisu cha kuchubulia waya, kibanio cha konekta, na kebo ya RG6 ya kutosha. Konekta nunua nyingi kuliko unavyodhani, maana siku ya kwanza zitaharibika kwa wingi na ndivyo inavyotakiwa.

Kwa darasa zima: swichi za DiSEqC (za kuunganisha LNB kadhaa kwenye kisimbuzi kimoja), kipimapembe, drili na plagi za ukutani, ngazi, kofia ngumu na mikanda ya usalama, sanduku la huduma ya kwanza, na kebo za umeme zenye kinga ya kukata umeme unapovuja. Ongeza LNB mbili tatu mbovu, kebo iliyoingia maji na konekta zilizofungwa vibaya, ziwekewe alama na kutunzwa kando. Vitu hivyo vibovu ni mali. Utaviona kazini kwenye swali la 13.

Tumia visimbuzi vya chaneli za bure ili mazoezi yasitegemee malipo ya mwezi ya kampuni yoyote.

9. Mita ya kisasa ni lazima, au kile kidude cha mshale kinatosha?

Kile cha mshale kinaonyesha tu kwamba kuna mawimbi, bila kusema ni ya setilaiti gani. Kinafundisha mikono kuhisi kilele, na kwa hilo ni kizuri. Mita ya kisasa inaitambua setilaiti na kuonyesha ubora wa signali kwa desibeli.

Ushauri wetu ni kuanza na kisimbuzi na TV pekee, kisha kidude cha mshale, na mita ya kisasa mwisho. Aliyeanza na mita ya kisasa hukwama siku betri yake ikiisha juu ya paa la mteja.

## Cha kufundisha

10. Nadharia iwe kiasi gani, na hesabu za pembe zifundishwe?

Robo ya muda inatosha, na itolewe kwa vipande vifupi kabla ya zoezi linaloihitaji. Mwanafunzi aelewe mambo machache kwa undani. Kwanza, kwa nini setilaiti haihami: inazunguka sambamba na Dunia juu ya Ikweta, kwenye ukanda unaoitwa kwa jina la Arthur C. Clarke, aliyeueleza mwaka 1945. Pili, LNB inafanya nini: inapokea masafa ya Ku, GHz 10.7 hadi 12.75, na kuyashusha hadi MHz 950 hadi 2150 ili yaweze kupita kwenye kebo. Tatu, kisimbuzi kinaiamuruje: volti 13 kwa mawimbi ya wima, volti 18 kwa ya mlalo, na mlio wa kHz 22 kuhamia masafa ya juu. Jambo hili la tatu ndilo ufunguo wa nusu ya hitilafu zote.

Hesabu za pembe zifanywe mara moja kwa mkono, kwa mfano mmoja. Chukua mahali palipo nyuzi 5 kusini mwa Ikweta, na setilaiti iliyo nyuzi 20 za longitudo mashariki mwa mahali hapo. Mwelekeo unatoka takriban nyuzi 76.5 kutoka kaskazini ya kweli kwenda mashariki, na mwinuko takriban nyuzi 66. Baada ya hapo waachie programu ya simu, lakini wawe wanajiuliza kila mara kama jibu linaingia akilini. Aliyeelewa mfano mmoja hatashangaa programu ikimpa pembe ya mahali pengine kwa sababu simu haijapata eneo lake.

Dira nayo ina mambo yake. Inaonyesha kaskazini ya sumaku, ambayo mahali pengi inatofautiana na kaskazini ya kweli kwa nyuzi kadhaa. Na ukiisoma ukiwa umeegemea nguzo ya chuma, inadanganya. Mwanafunzi arudi nyuma hatua kadhaa, achukue mwelekeo, achague alama ya mbali kama mti au pembe ya jengo, kisha aelekeze dishi kwenye alama hiyo.

11. Wanafunzi hukwama wapi zaidi wanapotafuta setilaiti?

Wapo wanaokwama kwenye mwinuko, kwa sababu umbo la dishi linadanganya macho. Dishi la kawaida la Ku lina LNB upande wa chini, na mawimbi yanaingia kwa pembe ya juu kuliko uso wa dishi unavyoonyesha, kwa tofauti ya nyuzi 20 hadi 25 hivi. Dishi lililosimama wima kabisa kumbe linatazama nyuzi ishirini na kitu juu ya upeo. Mwambie mwanafunzi asome namba zilizochorwa kwenye mshikio, ambazo kwa kawaida zimeshazingatia tofauti hiyo, na aache kulielekeza dishi kwa macho.

Wapo wanaokwama kwa haraka. Kisimbuzi huchukua sekunde mbili au tatu kutambua signali. Anayelizungusha dishi mfululizo huipita setilaiti bila TV kuonyesha chochote, kisha huapa kwamba haipo. Sogeza kidogo, subiri, sogeza kidogo. Hapa namba zinasaidia: dishi la sentimita 90 lina upana wa kuona wa takriban nyuzi 2 tu. Nyuzi moja kwenye ukingo wa dishi hilo ni milimita 8, na kwenye bomba la nguzo lenye kipenyo cha milimita 60 ni nusu milimita tu. Mpe kila mwanafunzi penseli achore mstari kwenye bomba na kwenye mshikio, aone kwa macho nusu milimita ilivyo ndogo. Somo hilo linabaki.

Nguzo isiyo wima huharibu kila kitu kimyakimya, kwa sababu ukizungusha dishi kushoto na kulia, mwinuko nao unabadilika bila wewe kujua. Ndiyo maana pimamaji huwekwa pande mbili za nguzo zilizo kwa pembe mraba. Kwenye ile nguzo moja iliyoinama, waache wahangaike dakika kumi na tano, kisha uwaombe waipime. Hakuna atakayesahau kupima tena.

Halafu kuna namba mbili za kwenye skrini, nguvu na ubora. Nguvu inaweza kufika asilimia 80 wakati dishi linatazama setilaiti nyingine, au hata haliioni yoyote, kwa sababu LNB yenyewe inatoa kelele. Ubora ndio unaosema kweli. Wafunike namba ya nguvu kwa kipande cha karatasi kwenye TV hadi wazoee.

Mwisho ni kukaza. Signali ilikuwa nzuri, boliti zimekazwa, signali imeshuka. Boliti zikazwe kidogo kidogo kwa kupokezana, huku mtu mwingine anasoma ubora. Baadaye mwanafunzi asukume ukingo wa dishi kwa kidole, kushoto, kulia, juu na chini. Ubora unatakiwa kushuka kwa kila upande. Ukipanda upande wowote, hajafika kileleni.

12. Kebo na konekta zinastahili muda mwingi hivyo?

Ndiyo, nusu siku nzima. Kila mtu afunge konekta kumi na kuzikata kuziangalia ndani. Uzi mmoja wa wavu ukigusa waya wa kati, LNB haipati umeme, na kisimbuzi kinaweza kudhurika. Waya wa kati utokeze milimita chache tu nje ya mdomo wa konekta.

Wafundishe pia kutofautisha kebo yenye waya wa kati wa shaba tupu na ile ya chuma kilichopakwa shaba. Kwenye kebo fupi hutaona tofauti. Kwenye kebo ndefu, ya chuma hupunguza volti, zile volti 18 zinafika pungufu, na chaneli za mlalo zinapotea huku za wima zikiendelea kuonekana. Kumbusha kwamba RG6 hupoteza takriban desibeli 20 kwa mita 100 kwenye MHz 1000, na zaidi masafa yakipanda.

Kebo ishuke chini ya konekta kabla ya kuingia ndani, ili maji ya mvua yadondoke badala ya kuifuata hadi kwenye kisimbuzi. Isikunjwe kona ya ghafla. Na kisimbuzi kichomolewe kwenye umeme kabla ya kugusa konekta yoyote.

13. Kutafuta hitilafu kunafundishwaje?

Hapa ndipo kozi nzuri inapojulikana, kwa sababu kazi nyingi za fundi ni kwenda kwa mteja ambaye dishi lilikuwa linafanya kazi jana. Wanafunzi wakiwa mapumzikoni, mkufunzi aharibu kila dishi kwa namna moja, akitumia ule mzigo wa vitu vibovu. Wakirudi, kila kikundi kina dakika ishirini. Sheria ni moja: kabla ya kugusa kitu, waandike wanachokiona na wanachokidhania.

Hitilafu zinazofundisha zaidi ni zile zenye dalili za kusomeka. Nusu ya chaneli zimepotea, na zote ni za mlalo: fuatilia volti 18, yaani kebo, konekta au LNB. Zimepotea za masafa ya juu, wima na mlalo kwa pamoja: mlio wa kHz 22 umezimwa, au masafa ya ndani ya LNB yamejazwa vibaya kwenye kisimbuzi, ambayo kwa LNB ya kawaida ya Ku ni MHz 9750 na 10600. Setilaiti moja ipo na ya pili haipo: bandari za swichi ya DiSEqC zimebadilishwa. Ubora uko chini kwenye chaneli zote: dishi limesogea, au LNB imezungushwa vibaya. Hakuna chochote, nguvu ni sifuri: kebo imekatika au imegusana. Signali ni nzuri asubuhi na mbaya baada ya mvua: maji ndani ya konekta.

Kataza kabisa kulegeza boliti za dishi kabla ya kukagua kebo, konekta na mipangilio. Fundi anayekimbilia dishi kwanza hubadilisha hitilafu moja kuwa mbili.

14. Madishi makubwa ya C yaingizwe?

Moja la maonyesho linatosha, la mita 1.8 au zaidi. Mawimbi ya C yapo kwenye GHz 3.4 hadi 4.2, masafa ya ndani ya LNB yake ni MHz 5150, na huvumilia mvua kubwa kuliko Ku. Waonyeshe jinsi LNB inavyokaa katikati mbele ya dishi, jinsi umbali wake unavyopimwa, na kwamba baadhi ya setilaiti hutumia mawimbi ya kuzunguka, yanayohitaji kipande maalumu ndani ya mdomo wa LNB. Kulibeba na kulisimamisha ni kazi ya watu watatu hadi wanne, na upepo ni hatari halisi.

## Usalama

15. Wanafunzi wapande lini?

Baada ya kufaulu chini, na si kabla. Kanuni ya ngazi: kwa kila mita nne za kwenda juu, mguu wa ngazi uwe mita moja kutoka ukutani. Ngazi ipite ukingo wa paa kwa mita moja, ifungwe juu, na mtu aishike chini. Wakati wote viungo vitatu viwe vimeshika ngazi, kwa hiyo vifaa vinapandishwa kwa kamba. Paa lenye maji au upepo mkali halipandwi, hata kama ndiyo siku ya mwisho ya kozi. Mabati chakavu na vigae vya simenti huvunjika. Wafundishe kukanyaga palipo na boriti, au kuchagua ukuta badala ya paa, na mara nyingi ukuta unatosha kabisa.

16. Na radi?

Ikisikika ngurumo, kila mtu aache dishi na aingie ndani, na kazi irudi dakika 30 baada ya ngurumo ya mwisho. Nguzo ya dishi iunganishwe na waya wa ardhi wa nyumba kwa kufuata kanuni za umeme za mahali husika. Waya wa ardhi hupunguza madhara, lakini hakuna kifaa kinachohimili radi iliyopiga dishi moja kwa moja. Mteja aelezwe hivyo bila kupambwa.

## Tathmini na cheti

17. Mtihani uweje?

Mtu mmoja, dishi moja, peke yake. Apewe jina la setilaiti ambayo hakuitumia sana, vipande vya dishi na dakika 60. Mkufunzi apime nguzo, akague konekta, asome ubora, kisha alisukume dishi kwa mkono aone kama limekazwa. Sehemu ya pili ni hitilafu moja ya siri, kama kwenye swali la 13. Sehemu ya tatu husahaulika: mwanafunzi amweleze "mteja" alichofanya, amwonyeshe chaneli, aokote mabaki ya waya na kuziba matundu ya ukuta.

Anayeshindwa arudie siku nyingine bila aibu. Mwandae kwa hilo tangu mwanzo kwa kutenga nusu siku ya marudio.

18. Cheti chetu kinamruhusu kufanya kazi?

Cheti cha kozi kinathibitisha alichojifunza. Ruhusa ya kufanya biashara ya ufungaji ni jambo la mamlaka za nchi husika, na kampuni za televisheni za kulipia huwa na utaratibu wao wa kusajili mafundi. Ulizia kabla ya kutangaza kozi, na uandike kwenye cheti mambo halisi aliyofanya: amefunga, ametafuta setilaiti ngapi, ametatua hitilafu zipi. Mwajiri anaelewa hayo kuliko mhuri mkubwa.

## Hali zisizo za kawaida

19. Mvua ikinyesha siku nzima?

Hamisha siku ya kebo na hitilafu ndani ya jengo. Kabla ya hapo, kama hakuna radi, acha dishi moja limefungwa na TV inawaka, wanafunzi wasome ubora kila dakika tano. Wataona kwa macho mvua inavyoishusha signali ya Ku, na wataelewa kwa nini dishi lililoridhika na ubora wa chini siku ya jua litamwangusha mteja siku ya mawingu mazito.

20. Tuko karibu sana na Ikweta. Kuna tofauti?

Kubwa. Setilaiti inaweza kuwa karibu na utosi, na hapo dira haisaidii sana kwa sababu hata kosa kubwa la mwelekeo halionekani. Tafuta kwa mwinuko kwanza. Hakikisha mshikio wa dishi unafika pembe hiyo kabla ya kununua madishi ya darasa, kwa kuwa mengine hayafiki. Angalia pia kama dishi linakusanya maji, na kama tundu la kutolea maji liko mahali pa chini.

Mzungusho wa LNB nao ni mkubwa. Kwenye mfano wa swali la 10 ni takriban nyuzi 76, yaani LNB imelala karibu kabisa ubavuni. Mwanafunzi aliyezoea picha za LNB iliyosimama ataona kama imefungwa vibaya. Mfundishe kupata kilele cha ubora kwa kuizungusha polepole.

21. Signali imekatika dakika chache mchana, siku kadhaa mfululizo, saa ileile. Vifaa vimeharibika?

Hapana. Siku za karibu na Machi 21 na Septemba 22, Jua hupita nyuma kabisa ya setilaiti kama inavyoonekana kutoka kwenye dishi, na kelele zake huzidi signali. Signali hurudi yenyewe. Kozi ikiangukia siku hizo, itumie nafasi: dakika hizo Jua liko pale pale ilipo setilaiti, kwa hiyo kivuli cha mti kikiangukia dishi, mti huo unazuia. Hakuna mtu alitazame Jua moja kwa moja.

22. Mwanafunzi mzuri sana chini, lakini anaogopa urefu. Afeli?

Asifeli. Kazi nyingi hufanywa na watu wawili, na fundi wa chini anayesoma mita, kufunga konekta na kupanga kisimbuzi anahitajika. Madishi mengi pia yanaweza kufungwa kwenye nguzo ya uani. Cheti kieleze kwamba amefaulu kazi za ardhini.

23. Tuongeze intaneti ya setilaiti?

Vifaa vinavyotuma mawimbi kuelekea setilaiti, kama VSAT, viwe kozi tofauti. Dishi lililoelekezwa vibaya huko huvuruga watumiaji wengine, na kazi hiyo huhitaji idhini. Vifaa vya setilaiti za chini kama Starlink, zinazopita kwenye kilomita 550 hivi, hufuata setilaiti vyenyewe. Anachohitaji fundi ni nguzo imara, anga pana isiyo na vizuizi na njia nzuri ya kebo, na hayo matatu tayari anayapata kwenye kozi hii.

24. Wanafunzi wakiomba wafundishwe kufungua chaneli za kulipia bila kulipa?

Jibu ni hapana, na litolewe siku ya kwanza mbele ya wote. Ni kosa la jinai katika nchi nyingi, na fundi akikamatwa nalo, wateja na kampuni alizokuwa akizihudumia humkimbia. Waonyeshe badala yake jinsi ya kutafuta na kupanga chaneli za bure zilizo halali. Kwa mteja asiye na uwezo wa kulipia kila mwezi, fundi anayejua kuzipata nyingi kwa dishi moja na LNB mbili ana kazi ya kutosha.